Pweza wa Ghuba ya Mnazi na vita ya baruti isiyoandikwa kwenye pakiti

Mwaka 2025 Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma ilitimiza robo karne. Maadhimisho ya namna hii huwa na desturi zake: risala, hekta za mikoko, picha za kasa. Mimi hamu yangu ilikuwa kwa mnyama asiye na bahati ya kupigwa picha, yaani pweza. Anatolewa kwenye miamba ya Msimbati na Msangamkuu, vijiji vya Mtwara, anagandishwa, anavuka bahari na kulazwa kwenye majokofu ya supamaketi za Ureno, Hispania na Italia. Siku hizi wanunuzi wa huko wanataka kujua kavuliwa wapi, kavuliwa vipi, na wengine wanauliza hata kama aliumia. Ni maswali ya haki, ila yamechelewa. Watu wa pwani hii walikwisha kupigana kwa ajili ya mwamba huo kabla supamaketi yoyote haijawauliza lolote.

Pweza wa zamani hakuwa na safari ndefu. Aliliwa pwani, au alipigwapigwa, akaanikwa, akapandishwa bara pamoja na samaki wakavu na chumvi, kwa miguu na baadaye kwa baiskeli, kuelekea uwanda wa Makonde na vijiji vya bonde la Ruvuma kama Kitaya, ambako ukisimama ukingoni unaitazama Msumbiji ng'ambo. Mwenye kumtafuta pweza huyo mara nyingi alikuwa mwanamke. Wakati wa bamvua, maji yakipwa hadi mwamba ukaachwa wazi, akina mama walishuka na vijiti vyao kuchokoa.

Kuchokoa kunataka jicho. Pweza hujificha kwenye shimo, lakini uroho wake humsaliti: akila kaa au kome, magamba huyatupa mlangoni, na mchokoaji hupita akitafuta hilo rundo dogo la mabaki. Kijiti kinaingia, pweza anakishika kwa mikono akidhani anajitetea, na mama anavuta taratibu asije akamkata. Akishatoka anageuzwa kichwa ndani nje, au anachomwa katikati ya macho. Ukimvuta kwa pupa anaacha mkono mmoja na kurudi ndani, na hapo umeambulia kitoweo cha mtoto.

Barafu ndiyo iliyobadilisha hesabu. Katika miaka ya 1990 kampuni za kusindika samaki zilianza kutuma mawakala kusini wakiwa na makasha ya barafu na mizani, na pweza aliyekuwa akiuzwa kwa mtungo au kubadilishwa kwa mihogo akaanza kupimwa kwa kilo. Bei ilipopanda, wanaume wakashuka mwambani. Walikuja na miwani ya kuzamia na mikuki, wakaenda kwenye kina ambacho mama mwenye kanga iliyofungwa kiunoni hafiki. Tangu hapo mwanamke amebaki na mwamba wa juu, ule unaoachwa na maji, ambako pweza ni wadogo na wachokoaji ni wengi.

Mtafiti aliyeliandika jambo hili mapema ni Martin Guard. Mwaka 2002, yeye na Profesa Yunus Mgaya wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha utafiti wao wa uvuvi mdogo wa pweza katika jarida la Ambio. Walifuatilia sehemu tatu: Jibondo na Bweni huko Mafia, na Mtwara. Hoja yao inaeleweka kwa mtu yeyote aliyewahi kufuga kuku. Pweza huyu, ambaye wanasayansi humwita Octopus cyanea, anakua kwa kasi ya ajabu lakini anaishi mwaka mmoja na ushei tu, na jike hutaga mara moja, analinda mayai yake bila kula, kisha anakufa. Ukimchukua akiwa mdogo umemuua na kizazi chake hakijazaliwa. Kanuni za uvuvi za mwaka 2009 zikaja kupiga marufuku pweza wa chini ya gramu 500.

Ila Guard huyohuyo alikuwa na andiko la miaka mitano nyuma, na kwangu mimi hilo ndilo zito zaidi.

Mwaka 1997, akishirikiana na Mwajuma Masaiganah, alichapisha ripoti ya uvuvi wa baruti kusini mwa Tanzania. Kwenye mwamba wa Mpovi ilihesabiwa milipuko 100 ndani ya saa sita. Ni mlipuko mmoja kila baada ya dakika nne, au pungufu. Katika Ghuba ya Mnazi peke yake, ndani ya miezi miwili ya Oktoba na Novemba 1996, ilihesabiwa milipuko 441, wastani wa zaidi ya saba kwa siku. Sheria iliyoukataza uvuvi huo ilikuwapo tangu mwaka 1970, kwa hiyo kila mlipuko kati ya hiyo 441 ulikuwa kosa la jinai lililosikika mpaka msikitini.

Kwa asiyejua, baruti haichagui. Mshindo wake unapasua kibofu cha hewa cha samaki na kuvunja uti wa mgongo. Wachache wanaelea na kuokotwa, wengi wanazama na kuozea chini. Samaki wa bomu unamjua ukimpasua: damu imevilia tumboni, mifupa imeachana na nyama, na nyama yenyewe inalegea kabla ya jioni. Pweza hana kibofu hicho, lakini ana nyumba, na matumbawe yakigeuka kokoto hakuna shimo la kujificha wala kaa wa kula. Mama aliyekuwa akipita mwamba uleule kwa miaka alianza kukanyaga kifusi.

Kwa nini watu walinyamaza? Wengine hawakunyamaza kwa woga tu. Mpiga baruti alikuwa na watu wake kijijini. Bomu likilia, vijana wanajitosa kumsaidia kukusanya na wanapata mgawo, na kila nyumba inayopika mgawo huo jioni imekwisha kuwa mshirika. Baruti zenyewe zilivuja kutoka machimbo ya mawe na kazi za barabara, na nyuma ya mvuvi alikuwapo tajiri mwenye boti aliyekaa mjini. Wanakijiji waliothubutu kumkamata mtu na kumpeleka kituoni walikuta mshitakiwa ametangulia kurudi kijijini, wakati mwingine kabla yao. Kesi zilikufa kwa kukosa ushahidi, kwa faini isiyouma, au kwa sababu ambazo kila mtu alizijua na hakuna aliyeziandika.

Hapo ndipo ulipoingia mradi wa RIPS, uliofadhiliwa na Finland katika mikoa ya Mtwara na Lindi. Watu wa mradi hawakuja na doria. Walikuja na kamera za video, wakawapa wavuvi nafasi ya kusema mbele yake, wakaizungusha kanda hiyo vijiji kwa vijiji. Kumbuka ni miaka ya katikati ya 1990, televisheni ya taifa haijaanza. Mvuvi wa kijiji kimoja akamwona mvuvi wa kijiji cha mbali akilalamika yaleyale: tumemkamata, tumempeleka, ameachiwa. Kilichokuwa aibu ya kijiji kimoja kikawa kesi ya pwani nzima. Kanda zikafika mpaka kwa viongozi wa serikali, na maofisa wakajikuta wakijibu hoja za wavuvi waliokuwa wakitazamwa na umati. Mtu aliyezoea kupokea malalamiko kwa barua anaweza kuiweka barua kwenye faili. Sura inayosema ni vigumu kuifungia kwenye kabati.

Kutokana na vuguvugu hilo wavuvi wa vijiji vya pwani ya kusini waliunda umoja wao, wakauita Shirikisho. Lilikuwa chombo chao wenyewe, na halikusubiri kukaribishwa na wakubwa. Lilipeleka ujumbe, lilitaja mambo waziwazi, na lilidai kitu kimoja: serikali ituletee nguvu ambayo wapiga baruti hawawezi kuinunua. Mwishoni mwa miaka ya 1990 Jeshi la Wanamaji likaingizwa kwenye operesheni ya pwani ya kusini, na kwa muda, kwa kweli, bahari ilitulia.

Nimelikalia jambo hili kwa sababu nchi hii ina tabia ya kumbukumbu fupi. Ukisoma leo maelezo ya mashirika juu ya namna uvuvi wa mabomu ulivyodhibitiwa, utakutana na wafadhili, kikosi kazi na mashine za kusikilizia milipuko chini ya maji. Shirikisho hulioni, au utalipata kwenye tanbihi. Watu waliokubali kuonekana sura zao kwenye kanda, wakijua kwamba kesho watakutana na mpiga baruti kisimani, hawana hata ubao wa kumbukumbu pale Feri, Mtwara mjini.

Mwaka 2000, chini ya Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu ya 1994, hifadhi ikatangazwa: kilomita za mraba 650 za maji na nchi kavu, vijiji vikiwa ndani yake. Ungetegemea wale walioipigania bahari wawe wa kwanza kuipokea. Mambo hayakwenda hivyo. Vinay Kamat, mwanaanthropolojia wa Chuo Kikuu cha British Columbia, amelifuatilia eneo hili kwa miaka mingi. Makala yake ya mwaka 2014 ilibeba katika kichwa chake kauli kwamba bahari ndiyo shamba letu, na mwaka 2024 alitoa kitabu kizima juu ya hifadhi, gesi na maisha ya watu wa huku. Anayoyaeleza ni manung'uniko ya wanavijiji: nyavu kuchukuliwa, mipaka kuwekwa juu ya miamba ya karibu, chakula kupungua, na wanawake, ambao hawana boti ya kwenda mbali, kuumia zaidi. Watu waliomba walindwe dhidi ya baruti. Wakapewa askari wa hifadhi aliyeanza na kijuya cha mama. Kwa maoni yangu hilo ndilo kosa kubwa la miaka ya mwanzo ya hifadhi, na halikuhitaji mtaalamu kutoka Canada kuliona.

Baruti nazo zikarudi miaka ya mwanzo ya 2000, na mwaka 2015 uchunguzi wa sauti uliofanywa kutoka mpaka wa Kenya hadi wa Msumbiji ulinasa milipuko 318, mingi yake karibu na Dar es Salaam. Baadaye msako ukakazwa na milipuko ikapungua sana. Katikati ya hayo gesi ya Ghuba ya Mnazi ilikwenda Dar es Salaam kwa bomba, Mtwara ikawaka moto kwa ajili yake mwaka 2013, na Oktoba 2020 Kitaya ikavamiwa na wapiganaji waliovuka Ruvuma. Baada ya hapo mtu wa mto na wa maingilio yake amekuwa na mengi ya kuhofia kabla ya kufikia gramu za pweza.

Na mnunuzi wa Ulaya? Masharti yake ya kwanza yalihusu tumbo lake. Kati ya 1997 na 1999 Umoja wa Ulaya ulizuia samaki wa Afrika Mashariki mara tatu, kwa bakteria, kwa kipindupindu, kisha kwa sumu iliyotumika kuvulia Ziwa Victoria. Viwanda vikajifunza vigae vyeupe, klorini na vipimo vya joto. Mwaka 2010 ikaja hati ya kuthibitisha kwamba mzigo haukuvuliwa kinyume cha sheria. WWF nayo ikawa na ndoto ya kuwafikisha pweza wa Tanzania kwenye cheti cha uvuvi endelevu cha MSC, chombo ambacho yenyewe ilikianzisha na kampuni ya Unilever mwaka 1997. Huko Songosongo na visiwani Zanzibar wanajamii wakaanza kufunga miamba kwa miezi kadhaa ili pweza wanenepe, mtindo uliovuma kutoka Madagascar tangu 2004.

Swali la maumivu ndilo jipya kuliko yote. Umoja wa Ulaya ulianza kumlinda pweza wa maabara kwa agizo la mwaka 2010, ila wa kitoweo hakuhusika. Mwaka 2022 Uingereza, baada ya ripoti ya wataalamu wakiongozwa na Jonathan Birch wa London School of Economics, ikamwingiza pweza katika sheria ya wanyama wenye hisia. Kampuni ya Kihispania Nueva Pescanova ilipopanga kufuga pweza visiwani Kanari, tani 3,000 kwa mwaka, na ikajulikana mwaka 2023 kwamba ingewaua kwa maji ya barafu, kelele zikapigwa. Mwaka uliofuata majimbo ya Washington na California yakapiga marufuku ufugaji huo. Mchokoaji wa Msimbati, ambaye pweza wake ameishi huru mpaka dakika ya mwisho na anakufa kwa pigo moja la katikati ya macho, angestahili kuwa na mengi ya kuwaambia wabunge wa London. Hakuna aliyemwita.

Kanuni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2013 inataka samaki mbichi aliyegandishwa aandikwe jina lake la biashara na la kisayansi, namna na zana aliyovuliwa, na eneo la bahari alikotoka. Kwa pweza wetu eneo hilo ni namba 51, Bahari ya Hindi ya Magharibi, ambalo kwa ramani ya FAO linashika kuanzia Bahari ya Shamu na pwani ya Pakistani hadi pwani ya mashariki ya Afrika Kusini. Ndani ya namba hiyo moja wamo Msimbati na Karachi. Ghuba iliyohesabiwa milipuko 441 na mwamba usiowahi kusikia baruti vinabeba alama ileile.