Pabovu pa Kamba

Nilianguka alasiri, mbele ya wageni watatu na mke wangu. Machela ilikuwa imefungwa kati ya mkungu na mwembe, kimo cha kiuno, na kamba iliyoishikilia haikuzidi unene wa mshipi wa kuvulia papa. Kamba hiyo niliachiwa na mgeni mmoja aliyelala kwetu wiki nzima. "Mzee, hii inabeba kilo 700," aliniambia. Mimi nina kilo 84. Nikaifunga fundo langu la siku zote, nikaivuta ikanyooka kama henza ya jahazi, nikajitupa ndani. Kilichofuata ni mzizi wa mkungu na nyonga yangu.

Nilipoinuka nikaiokota kamba kutafuta ilipokatika. Haikukatika. Ilikuwa nzima kabisa, inang'aa, ila fundo halikuwapo.

Wahenga wamesema kamba hukatikia pabovu. Hawakutuambia pabovu ni wapi, nami niliyezaliwa Pangani nikalelewa na watu wa kamba, nilidhani napajua.

Bibi yangu, mzaa mama, alisokota usumba. Makumbi ya nazi yalifukiwa kwenye mashimo ya ufukweni, pale maji yanapofika yakijaa, yakaachwa miezi sita na kuzidi. Yakifukuliwa ni meusi na yananuka hata kuku hasogei. Kisha hupondwa kwa rungu, huoshwa, huanikwa, na nyuzi zikasokotwa viganjani huku wanawake wakisengenya nusu ya mji. Kamba hiyo ndiyo iliyoshona mitepe, vyombo vya pwani hii visivyokuwa na msumari hata mmoja, mbao kwa mbao kwa kamba ya nazi. Kitabu cha mabaharia wa Kigiriki cha karibu miaka 2,000 iliyopita kinaitaja bandari ya Rhapta katika pwani yetu, na kinasema jina lake lilitokana na vyombo vya kushonwa. Mitepe iliendelea kusafiri mpaka mwanzoni mwa karne ya 20.

Usumba si kamba yenye nguvu. Unene kwa unene, katani huishinda. Sifa yake ni kwamba maji ya chumvi hayaiozeshi upesi, na ikivutwa hunyumbuka kidogo badala ya kukakamaa. Bibi alijua udhaifu wake, na dawa yake ilikuwa moja: unene. Kamba ikichoka, anasokota nyingine nene kuliko ya kwanza. Kwake yeye pabovu palionekana kwa macho, panapochakaa na kutoa manyoya.

Machela yenyewe ina safari ndefu. Jina limetufikia kupitia Wareno, ambao huko Msumbiji walibebwa mabegani mwa watu ndani ya kitambaa kilichotundikwa kwenye mti mrefu. Leo ukilisikia hospitalini ni kitanda cha kubebea mgonjwa. Lakini kitanda cha kuning'inia kati ya miti miwili ni ufundi wa watu wa visiwa vya Karibi, Wataino, ambao Columbus aliwakuta mwaka 1492 wakilala ndani ya nyavu za pamba. Wazungu walijifunza haraka. Mwaka 1597 jeshi la majini la Uingereza lilikuwa limeikubali rasmi kwa mabaharia wake, kwa sababu merikebu ikilala upande, machela hubaki wima. Na katika rasi ya Yucatan, huko Mexico, mpaka leo nyumba hujengwa na kulabu ukutani za kutundikia machela, kama sisi tunavyoacha tundu la dirisha.

Yucatan hiyo hiyo ndiko ulikotoka mkonge, mmea wa katani. Wazungu huuita sisal, jina la bandari ya kule. Daktari mmoja Mmarekani, Henry Perrine, aliupeleka mmea huo Florida katika miaka ya 1830. Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf akaagiza miche 1,000 kutoka Florida. Ikapitia Hamburg, na iliyofika huku ikiwa hai ilikuwa 62. Sitini na miwili! Ilipandwa Kikogwe, ng'ambo ya mto wetu, ukishavuka kivuko cha Bweni. Mashamba ya mkonge ya Tanga, manamba walioletwa kutoka bara kwa mikataba, vipande vya kazi vya siku 30, na mshahara wa baba yangu, vilitoka kwenye miche ile.

Baba alifanya kazi korona, mashine inayoponda jani la mkonge na kuziacha singa nyeupe. Wakati huo Tanganyika ilikuwa inauza katani kuliko nchi yoyote. Vita Kuu ya Pili ilituongezea soko, kwa kuwa Wajapani waliiteka Ufilipino na kamba za manila za huko zikaadimika. Watu wetu wakalazimishwa kwenda mashambani kukata mkonge. Mwaka 1964 mavuno yalizidi tani 200,000.

Baba ndiye aliyenifundisha kwamba kamba inaweza kumdanganya mtu. Katani huoza kutoka ndani. Ikinyeshewa, ikakauka, ikanyeshewa tena, nje hubaki na rangi nzuri ya asali huku moyo wake umekufa. Hakuitazama. Aliishika kwa mikono miwili, akaipindua kinyume cha msokoto mpaka nyuzi zake tatu zikaachana, akachungulia katikati. Ikitoka vumbi, kamba ile inakwenda kufungia kuni. Mpaka leo siwezi kupita dukani penye kamba bila kuipindua moja, na wauza duka wengi hawanipendi kwa hilo.

Baada ya katani ikaja nailoni, iliyotengenezwa Marekani na Wallace Carothers wa DuPont mwaka 1935. Hii haiozi, lakini hunyumbuka: unalala kiunoni, alfajiri unaamka karibu na ardhi. Kisha zikaja kamba za plastiki za buluu, uzao wa ugunduzi wa Giulio Natta wa mwaka 1954, rahisi kuliko katani yetu. Zilichangia sana kuua soko la mkonge. Kufikia mwisho wa miaka ya 1990 nchi ilikuwa ikivuna tani 20,000 hivi. Nazichukia kamba hizo za buluu, nakiri si kwa haki. Ila jua la pwani nalo huzila, zikawa ngumu na kuchoma viganja kama miiba ya samaki.

Sasa kamba ya mgeni. Mwaka 1979 wakemia wawili wa kampuni ya DSM ya Uholanzi, Paul Smith na Piet Lemstra, walipata njia ya kuivuta polithini mpaka molekuli zake ndefu zilale zote upande mmoja, kama singa zilizochanwa vizuri. Ikaitwa Dyneema. Polithini ndiyo hiyo hiyo ya mifuko ya rambo, tuliyoipiga marufuku Tanzania mwaka 2019. Kamba yake ya milimita 3 hubeba zaidi ya kilo 600 kabla ya kukatika, sawa na kamba ya katani ya milimita 10. Lakini mita moja ya katani hiyo ina uzito wa karibu gramu 70, na mita ya Dyneema gramu 5 hivi. Huelea majini. Mgeni hakunidanganya.

Pabovu pake ni pengine. Kwanza inateleza kama kambare, na fundo lililoshika usumba kwa miaka mia halishiki hapo. Hata fundo linaloshika huikunja kamba vibaya na kuipokonya karibu nusu ya nguvu zake. Pili haipendi joto: huyeyuka kabla ya nyuzijoto 150, hivyo kamba ikisuguana na kamba nyingine kwa kasi hujikata yenyewe.

Tatu ni kosa langu mwenyewe, wala halihusu Dyneema. Nilinyoosha. Mtu wa kilo 84 akitundika machela ikabonyea vizuri, kamba zikishuka kwa digrii 30 kutoka usawa wa ardhi, kila kamba huvutwa kwa kilo 84. Akizikaza zishuke digrii 10 tu, kila moja huvutwa kwa kilo 240. Digrii 5, kilo 480. Chukua kamba ya kilo 700, ipokonye nusu kwa fundo, imebaki 350. Hesabu hiyo niliifanya na mwanangu mezani, nikiwa nimekalia mto.

Mgeni mwingine, baharia wa mashua za mbio, ndiye aliyenionyesha dawa. Kamba hii imesukwa ikiwa na uwazi katikati, hivyo haifungwi fundo. Unatengeneza kitanzi, kisha unaurudisha mkia wa kamba ndani ya tumbo lake, sentimita 20 au zaidi. Kadiri unavyovuta, ndivyo kamba inavyojibana na kuukaba mkia wake mwenyewe. Ikiwa inavutwa haitoki, na nguvu karibu zote hubaki. Bibi angependa jambo hilo. Nadhani angelidai alikuwa analijua tangu zamani. Mtini nazungusha mkanda mpana wa kufungia mizigo ya lori, maana kamba nyembamba hukata gome, na mwembe wangu unazaa.

Machela ziko mbili sasa. Ya kwangu inaning'inia kwa Dyneema. Ya wageni ina katani ya milimita 12, kwa kuwa wao hupenda kupiga picha na kamba nene. Hiyo naipindua na kuichungulia kila Ijumaa, na kila masika yakiisha naitoa na kuifungia kuni.