Bakuli Dogo la Mferejini

Katikati ya karne ya 19, mkazi wa Bangkok aliyetaka kwenda sokoni alipanda mtumbwi. Mifereji ndiyo iliyokuwa mitaa ya mji. Charoen Krung, barabara ya kwanza kujengwa kwa mtindo wa kisasa, ilikamilika mwaka 1864, baada ya Wazungu waliokuwa wakiishi huko kumlalamikia mfalme kwamba hawana pa kupitisha magari yao ya farasi.

Majini humo ndimo ilimokua biashara ya tambi za mchele, ziitwazo tambi za mtumbwi. Ujuzi wa tambi uliletwa na Wachina waliohamia Siam, yaani Thailand ya leo, wengi wao Wateochew. Muuzaji alikuwa na kafi, jiko la mkaa, sufuria ya mchuzi na mabakuli, vyote ndani ya chombo kimoja chembamba. Mara nyingi alikuwa peke yake. Alikitia nanga kwa mkono mmoja, akachovya tambi, akateka mchuzi, kisha akainama kumfikia mteja aliyekaa ukingoni au kwenye mtumbwi mwingine. Wauzaji wenyewe husema kuwa hapo ndipo udogo wa bakuli ulipoanzia, kwa kuwa bakuli kubwa lililojaa lingemwagika na kumuunguza mtu. Maelezo haya yanastahili heshima, maana yanamrudishia mpishi wa majini sifa ya ubunifu ambao leo unahesabiwa kuwa fasheni ya mikahawa.

Kwa kuwa bakuli ni dogo, mchuzi lazima uwe mzito wa ladha. Una mdalasini, soya nyeusi na kitunguu saumu cha kukaanga, na mwishoni hutiwa damu ya nguruwe au ya ng'ombe iliyochanganywa na chumvi. Damu hiyo ndiyo inayoupa weusi na uzito.

Serikali nayo ilisukuma gurudumu. Mwaka 1942, Bangkok ilipokumbwa na mafuriko makubwa katikati ya Vita vya Pili vya Dunia, waziri mkuu Plaek Phibunsongkhram aliwahimiza wananchi kula na kuuza tambi ili kuinua uchumi.

Baadaye mifereji mingi ilifukiwa ikawa barabara, na wauzaji wakapanda nchi kavu. Wengi walikusanyika Rangsit, kaskazini mwa jiji, na karibu na Mnara wa Ushindi. Wengine waliuweka mtumbwi mbele ya mkahawa na kuendelea kupikia humo. Bakuli halikubadilika: tambi za kumeza mara mbili tatu, na mabakuli matupu hupangwa moja juu ya jingine hadi mhudumu aje kuyahesabu na kudai fedha.

Huko Los Angeles, Marekani, hali ya bakuli ni tofauti. Sheria ya uhamiaji ya mwaka 1965 iliwafungulia Wathai mlango wa Marekani, na mwaka 1999 sehemu ya East Hollywood ikapewa rasmi jina la Thai Town. Tambi za mtumbwi zinapatikana huko, zikiwa na mchuzi uleule mweusi, lakini katika migahawa kama Sapp Coffee Shop huletwa katika bakuli moja kubwa, mlo kamili wa mtu mmoja.