Kuongezea Mwishoni: Herufi Moja Inayolinda Faili

Kata ya Baray, wilayani Karatu, iko kwenye bonde la Ziwa Eyasi, na vitunguu vya huko hunyweshwa kwa maji ya chemchemi yanayopitishwa mferejini. Wakati wa mavuno, karani aliyesimama kando ya lori huandika kwenye daftari tarehe, mahali mzigo ulikotoka na idadi ya magunia. Kesho yake huanzia pale alipoishia. Hakuna karani anayechana kurasa za jana ili apate nafasi ya kuandika za leo.

Kompyuta huzichana, tena bila kuuliza, ikiwa aliyeiandikia programu amekosea herufi moja.

Katika Python, lugha ya programu ambayo Guido van Rossum aliitoa kwa umma mwaka 1991 na ambayo wanafunzi wengi huanza nayo leo, faili hufunguliwa kwa amri ya open. Amri hiyo hupewa jina la faili, kisha herufi inayotaja hali ya kulifungua. Herufi r ni ya kusoma. Herufi w hutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya kuandika, na hapo ndipo wanaoanza hunaswa, kwa sababu kuandika ni neno lisilomtisha mtu. Kumbe w hufuta kila kilichomo mara tu faili linapofunguliwa, kabla hata herufi moja haijaandikwa. Programu ikikwama kwenye mstari unaofuata, faili limeshakuwa tupu, na yaliyofutwa hayaendi kwenye pipa la taka ambako yangeweza kuokotwa. Kwa hiyo mwalimu anayefundisha kwa Kiswahili asiiite hali hii “kuandika” tu. Aiite “kuandika upya”, mwanafunzi asikie hatari kabla hajaikuta.

Herufi inayofanya kazi ya karani wetu ni a. Kama faili lipo, maandishi mapya hukaa baada ya yale ya zamani. Kama halipo, linaundwa. Kwa Kiswahili tuiiteje? “Kuambatisha” kumeshazoeleka kwenye barua pepe, ambako faili zima hufungwa pamoja na ujumbe. “Kuambisha” ni neno la wanaisimu, na viambishi vyao hukaa mwanzoni mwa mzizi na mwishoni pia. “Kuongeza faili” humfanya msikilizaji afikirie faili la pili. Linalofaa zaidi ni “kuongezea mwishoni”: kauli ya kutendea inaonyesha kwamba kuna kitu kilichokuwapo tayari, na neno la pili linataja mahali. Ni refu kidogo, lakini halimdanganyi mtu.

Mistari yenyewe ni hii:

with open("magunia.txt", "a", encoding="utf-8") as daftari:
    daftari.write("14/8/2025, Mang'ola, 40\n")

Alama \n mwishoni mwa mstari wa pili ni ya kushuka mstari. Python haishuki yenyewe; alama hiyo ikisahaulika, rekodi ya kesho itaungana na ya leo, na 40 itagandana na tarehe inayofuata. Kuna jambo jingine linalowahusu hasa watu wa Eyasi. Mang'ola, kata jirani na Baray, ina kile king'ong'o chetu chenye alama ya ritifaa. Jina hilo likizungushiwa alama moja moja za kunukuu, Python itadhani maneno yameishia kwenye “Mang” na kukataa kuendelea. Likizungushiwa alama mbili mbili, kama hapo juu, hupita salama.

Wanaotumia Linux wana tofauti hiyohiyo kwenye dirisha la amri: alama > huandika upya, na >> huongezea mwishoni.

Hali ya a nayo ina mtego wake, na huu huonekana siku ya kujumlisha. Mwanafunzi anayejaribu programu yake mara tatu anaweka rekodi ileile mara tatu, na magunia 40 ya mkulima mmoja yanageuka 120. Python haijui kwamba yalikuwa majaribio. Dawa ni kufanyia majaribio kwenye faili la pembeni, au kuipa kila rekodi namba yake ili programu ikague kwanza kama namba hiyo imo.

Wala a haiwezi kuchomeka mstari katikati ya faili, au kugeuza 40 iliyoandikwa kimakosa iwe 14. Mtu wa mahesabu angeacha kosa lionekane, kisha aandike chini yake mstari wa kusahihisha, yaani magunia 26 ya kutoa, na kwa njia hiyo a inamtosha. Anayetaka kurekebisha mstari wenyewe itambidi asome faili lote, abadilishe panapohusika, halafu aliandike upya kwa w, akiwa ameshaweka nakala pembeni.