Tarakimu nne za mke wa mvumbuzi

Wadau, mmewahi kujiuliza kwa nini namba ya siri ya ATM huwa na tarakimu nne? Juni 1967 benki ya Barclays ilizindua mashine ya kutolea pesa huko Enfield, London. John Shepherd-Barron, aliyeibuni, alisimulia kwamba alitaka tarakimu sita. Mkewe, Caroline, akamwambia yeye anaweza kukumbuka nne tu. Yakaishia hapo, mezani jikoni.

Tarakimu hizo nne zimehamia hadi kwenye michezo ya kompyuta. Katika Rust, iliyoanza kuuzwa Desemba 2013, wachezaji hujenga nyumba, huvamiana, na hufunga milango kwa kufuli la namba. Namba zinazowezekana ni 10,000, na ukikosea unapigwa shoti.

Inatisha? Siyo sana. Mwaka 2012 Nick Berry alichambua namba za siri zilizovuja, akakuta karibu 11 katika kila 100 ni 1234!

Mimi ningekuwa mbunifu ningeongeza vitufe vinavyochakaa. Vitufe vinne vikififia, mwizi anabakiwa na majaribio 24 tu. Kikulacho ki nguoni mwako: kufuli linasalitiwa na kidole cha mwenyewe.

Ninyi mnasemaje?