Kamba Zinazoulilia Msitu

Mtu wa pwani hahitaji kuambiwa kwamba nguo hunena. Leso isiyo na jina haijawa leso. Ndiyo sababu kazi ya Cecilia Vicuña, mshairi na msanii wa Chile aliyezaliwa 1948, ilinivutia mara moja, ingawa nimeitazama kwa picha na video tu. Inaitwa Brain Forest Quipu.

Kipu ni kumbukumbu ya watu wa milima ya Andes, Amerika ya Kusini. Kwenye kamba moja kuu huning'inizwa kamba nyembamba, pengine mamia, zenye mafundo. Namna fundo lilivyofungwa na mahali lilipo huonyesha mamoja, makumi na mamia. Dola ya Inka haikutumia kalamu, lakini ilihesabu watu na kodi kwa kamba hizi. Wahispania walipoitwaa nchi, baraza la kanisa lililokutana Lima mwaka 1583 liliamuru zichomwe kipu zilizohusishwa na ibada za kale. Zilizosalia, nyingine hazijasomeka mpaka leo. Kwa hiyo anayesema wale hawakuwa na historia kwa kuwa hawakuandika, na aseme pia ni nani aliyeichoma.

Vicuña alitundika kipu mbili, kila moja mita 27, ndani ya Tate Modern, jumba la sanaa la London lililokuwa zamani kituo cha kuzalisha umeme. Zilikaa hapo tangu Oktoba 2022 hadi Aprili 2023. Ni sufu isiyosokotwa, nyuzi za mimea, kamba na kadibodi, weupe mtupu kama miti iliyokufa ikiwa imesimama. Humo mlifungwa vigae na mifupa vilivyookotwa kandoni mwa mto Thames na wanawake wa London wenye asili ya Amerika ya Kusini.

Lakini ukizitazama bila sauti umekosa nusu. Pamoja na mtunzi wa Kolombia, Ricardo Gallo, walichanganya muziki wa wenyeji, milio ya msituni, sauti ya Vicuña mwenyewe, na kimya. Hicho kimya ndicho kilichonishika zaidi: wasikilizaji wanasubiri ndege alie, halii.

Gharama zilifadhiliwa na kampuni ya magari, Hyundai. Msitu kuliliwa kwa pesa za magari! Hata hivyo, kulikuwa na skrini pia, na humo watetezi wa misitu kutoka jamii za wenyeji walieleza habari za ardhi yao kwa vinywa vyao wenyewe.