Kelele za klachi na giaboksi

Kelele za klachi na giaboksi ni sauti zisizo za kawaida zinazotoka katika sehemu za gari zinazopeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu. Makala hii inahusu magari ambayo dereva hubadilisha gia mwenyewe kwa mkono. Sauti zinaweza kuwa za kuvuma, kulia kama filimbi, kukwaruza, kusaga au kugonga. Sauti peke yake haimwambii fundi mengi, kwa sababu beringi mbili tofauti zilizochakaa hulia karibu sawa. Kinachosaidia zaidi ni kujua sauti inaanza lini na inakoma lini, hasa pedali ya klachi inapokanyagwa na inapoachiwa.

Utambuzi huu hufanywa kabla ya kufungua kitu chochote. Ili kuifikia klachi, katika magari mengi ni lazima giaboksi ishushwe, kazi inayoweza kuchukua siku nzima katika gereji isiyo na mtambo wa kunyanyulia gari. Fundi akikosea, mwenye gari hulipia klachi mpya, giaboksi hurudishwa, na kelele hubaki palepale.

Sehemu zinazohusika

Klachi hukaa kati ya injini na giaboksi. Pleti ya klachi hubanwa na presha pleti kwenye flaiwili, ambayo imefungwa nyuma ya krenki ya injini. Pedali ikikanyagwa, beringi iitwayo rilizi husukumwa na uma wake mpaka iukandamize msuko wa springi wa presha pleti, na pleti ya klachi huachiwa. Hapo injini huendelea kuzunguka peke yake.

Pleti imevaa kwenye shafti ya kuingilia ya giaboksi. Katika magari mengi yanayoendeshwa na magurudumu ya nyuma, ncha ya shafti hiyo hushikwa na beringi ndogo au bushi iliyomo katikati ya krenki. Magari mengi yanayovutwa na magurudumu ya mbele hayana beringi hiyo. Ndani ya giaboksi, shafti ya kuingilia huzungusha shafti ya chini, na kutoka hapo nguvu huenda kwenye gia iliyochaguliwa.

Kusikiliza gari likiwa limesimama

Gari huegeshwa mahali tambarare penye hewa, breki ya mkono huvutwa na magurudumu huwekewa vizuizi. Mtu asisimame mbele wala nyuma ya gari. Injini huwashwa na kuachwa ipate moto, gia ikiwa huru.

Mguu ukiwa nje ya pedali, shafti ya kuingilia na shafti ya chini zote huzunguka. Mvumo au ngurumo inayosikika wakati huu, kisha ikafifia na kukoma sekunde chache baada ya pedali kukanyagwa mpaka mwisho, kwa kawaida hutoka kwenye beringi za giaboksi. Hukoma kwa sababu shafti hizo zimesimama. Klachi mpya haitaiondoa sauti hii.

Kama ni kimya mguu ukiwa nje, na mlio ukaanza pedali inapokanyagwa kisha ukazidi kadiri inavyoshuka, rilizi ndiyo ya kushukiwa kwanza. Beringi hiyo hufanya kazi wakati tu inapobanwa, na grisi yake ikikauka hulia.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Katika magari ambayo rilizi hugusa presha pleti wakati wote, rilizi iliyochakaa inaweza kulia mguu ukiwa nje, kwa sababu inazunguka bila mzigo na kuchezacheza. Sauti hiyo hufanana na ya beringi ya shafti ya kuingilia. Ili kuzitenganisha, pedali huguswa kwa wepesi tu, kiasi cha kumaliza ulegevu wake, bila kuiachia klachi. Mlio ukikatika kwa mguso huo, ni rilizi. Ukiendelea, na kukoma tu klachi ikishaachia kabisa, ni ndani ya giaboksi. Kipimo hiki hakihitaji chombo chochote.

Beringi ya katikati ya krenki hupimwa kwa kukanyaga klachi mpaka mwisho na kuingiza gia ya kwanza huku breki ya mguu ikiwa imekanyagwa. Shafti ya kuingilia husimama kabisa wakati krenki inazunguka, hivyo beringi iliyo kati yao ndiyo inayofanya kazi. Mlio unaosikika zaidi katika hali hii kuliko gia ikiwa huru na pedali iko chini huelekeza huko.

Mkwaruzo unaotoka pedali ikisogezwa hata injini ikiwa imezimwa ni jambo dogo. Mara nyingi ni bushi ya pedali au egemeo la uma lililokosa grisi.

Si kila sauti ni ubovu. Mchakacho mwepesi gia ikiwa huru, hasa katika injini ya dizeli, unaweza kutokana na meno ya gia kugonganagongana kwa mtikisiko wa injini. Ukizidi, springi za pleti ya klachi huenda zimelegea. Sauti ya kuimba gari linaporudi nyuma pia ni ya kawaida katika magari mengi, kwa kuwa gia ya rivasi mara nyingi ina meno yaliyonyooka, wakati gia za mbele zina meno ya mshazari yanayokutana kimyakimya.

Kelele gari linapotembea

Ngurumo inayosikika katika gia moja tu huelekeza kwenye meno au beringi ya gia hiyo. Katika giaboksi ya gari la magurudumu ya nyuma ambayo gia ya nne hupeleka nguvu moja kwa moja, kelele inayopungua sana kwenye gia ya nne huonyesha shafti ya chini, kwa sababu wakati huo inazunguka bila mzigo.

Kelele isiyobadilika gari likiachwa liteleze gia ikiwa huru kwa kawaida haitoki kwenye klachi. Huenda ni beringi ya gurudumu, hasa ikibadilika gari linapokata kona, au ni difu. Mgongo mmoja wa nguvu dereva anapokanyaga au kuachia mafuta hutoka mara nyingi kwenye krosi ya propela au mipira inayoshika injini na giaboksi.

Gia kukwaruza zinapoingizwa

Gia zikikwaruza zote, klachi huenda haiachii vizuri. Kipimo chake ni kukanyaga pedali mpaka mwisho, kusubiri sekunde chache, kisha kuingiza rivasi taratibu. Ikikwaruza hata baada ya kusubiri, shafti ya kuingilia bado inazungushwa na injini. Katika klachi ya oili, hewa kwenye mfumo au kuvuja kwa masta silinda au silinda ya chini huleta hali hii. Katika klachi ya waya, huwa ni waya uliolegea. Katika magari mengi haya hurekebishwa bila kushusha giaboksi, na ni vizuri kuyamaliza kwanza.

Gia moja tu ikikwaruza, pete yake ya sinkro imechakaa. Sinkro, iliyoanza kutumika kwenye magari ya Cadillac mwaka 1928, husawazisha mwendo wa gia kabla meno hayajashikana. Kabla ya hapo dereva alilazimika kukanyaga klachi mara mbili kwa kila gia.

Oili ya giaboksi

Oili hukaguliwa mapema kwa sababu ni rahisi. Katika giaboksi nyingi kipimo ni tundu la pembeni: oili inatakiwa ifike kwenye mdomo wa tundu gari likiwa sawa. Ikimwagwa, unga laini wa chuma kwenye sumaku ya boliti ni uchakavu wa kawaida. Chembe za manjano hutoka kwenye pete za sinkro, na vipande vya chuma ni dalili ya beringi au jino lililovunjika. Oili ya aina isiyopendekezwa na watengenezaji inaweza kuharibu pete za shaba au kufanya gia ziwe nzito.

Mazingira ya Pemba

Kisiwa cha Pemba kina vilima na mabonde mengi. Gari linalotoka Tibirinzi, mjini Chake Chake, kwenda Mkoani kusini au Wete kaskazini hupanda na kushuka mara kwa mara, na klachi hutumika kuliko kwenye njia tambarare. Dereva anayelishikilia gari mlimani kwa klachi badala ya breki huunguza pleti, na anayepumzisha mguu juu ya pedali huichosha rilizi. Vipuri vingi hufika kwa meli kutoka Unguja au bara, hivyo gari lililofunguliwa kabla ya ubovu kujulikana linaweza kubaki juu ya magogo likisubiri kifaa ambacho huenda si chenyewe. Kwa sababu hiyohiyo, giaboksi ikishashushwa, pleti, presha pleti na rilizi kwa kawaida hubadilishwa pamoja, na sili ya shafti ya kuingilia hukaguliwa.

Ngurumo ya beringi ya giaboksi haifai kuachwa iendelee. Beringi ikikwama gari likiwa mwendoni, magurudumu yanayoendesha gari yanaweza kufunga ghafla, na kukanyaga klachi hakutasaidia kwa kuwa giaboksi iko upande wa magurudumu. Dereva hujaribu kutoa gia. Klachi inayoteleza nayo ina hatari yake kwenye mteremko: injini haiwezi tena kulizuia gari vizuri, na mzigo wote hubaki kwa breki. Dalili zake ni mlio wa injini kupanda bila mwendo kuongezeka, pamoja na harufu ya kuungua.