Samaki wa kioo, kereng'ende, na jina la Clara

Wasee, ukisikia vioo vya rangi najua akili yako inakimbia kanisani: madirisha marefu, mtakatifu amesimama na kondoo wake, jua la asubuhi linapiga viti vya mbele. Stori ya leo ina samaki na wadudu. Pia ina swali ambalo kila mtu anayetengeneza kitu na kukipost anafaa ajiulize: jina linaloandikwa pale chini ni la nani?

Turudi nyuma kidogo. Kwa karne nyingi kule Ulaya, fundi wa vioo alikuwa anakata vipande na kuviunganisha kwa risasi. Macho, nywele na mikunjo ya nguo alizichora juu ya kioo kwa rangi, kisha akachoma kwenye tanuri. Halafu miaka ya 1870 na 1880, jamaa wawili Wamarekani, John La Farge na Louis Comfort Tiffany, wakajiuliza: mbona uchore maji kama kioo chenyewe kinaweza kuwa maji? Wakaanza kutumia kioo chenye ukungu ndani yake, rangi zimeingiliana kama maziwa kwa chai ambayo haijakorogwa. La Farge alipata hataza yake mwaka wa 1880, Tiffany akafuata 1881.

Hebu tafuta picha ya dirisha linaloitwa Parakeets and Gold Fish Bowl. Kampuni ya Tiffany ililionyesha Chicago mwaka wa 1893, na siku hizi liko Museum of Fine Arts, Boston. Kasuku wadogo wamekaa kwenye matawi yenye maua, na hapo kwa matawi limening'inizwa bakuli la samaki wa rangi ya dhahabu. Mwanga ukibadilika, maji nayo yanabadilika. Manze, hakuna skrini hapo, ni jua tu.

Sasa ingia nyuma ya pazia. Mwaka wa 1892, wanaume waliokuwa wakikata vioo waligoma. Maonyesho ya Chicago yalikuwa yanakaribia na kazi ilikuwa imejaa. Chama chao cha wafanyakazi hakikuwa kinakubali wanawake, kwa hivyo Tiffany akaenda kuajiri wasichana waliosomea sanaa. Aliyewekwa kuongoza idara yao alikuwa Clara Driscoll, mjane kutoka Ohio, umri kama miaka 30.

Kazi yenyewe haikuwa mchezo. Picha inachorwa, inagawanywa vipande vipande, kila kipande kinapewa namba. Halafu unasimama na vioo kwenye mwanga, unatafuta ni kona gani ya kioo gani inafanana na bawa la mdudu. Ukishaipata unakata. Kila kipande kinavishwa utepe mwembamba wa shaba pembeni, kisha vyote vinaunganishwa kwa lehemu. Huo utepe ndio ulioruhusu vipande kuwa vidogo sana. Taa moja ya maua ya wisteria ina karibu vipande 2,000.

Hiyo taa ya wisteria ilibuniwa na Clara. Ile ya kereng'ende, yenye mabawa yaliyofunikwa wavu mwembamba wa chuma, ni yake pia, na ilipata medali Paris mwaka wa 1900. Lakini jina lililogongwa kwenye taa ni Tiffany Studios New York, na kwa miaka mingi watu waliamini ni Louis mwenyewe aliyekaa chini akazichora.

Na mambo hayakuwa rahisi kwa hao wasichana. Mwaka wa 1903 wanaume walitisha kugoma tena, safari hii kwa sababu yao, na mwishowe idadi ya wanawake ikawekewa kikomo cha watu 27. Tena ukiolewa, unaondoka. Clara aliondoka 1909 alipokuwa anaenda kuolewa tena. Akafa 1944.

Ukweli ulitoka wapi basi? Kwa barua. Clara alikuwa anaandikia mama yake na dada zake, anawapigia stori za baiskeli, za nyumba aliyopanga, na za taa alizokuwa akibuni wiki hiyo. Watafiti walizisoma miaka ya 2000, na mwaka wa 2007 New-York Historical Society ikafanya maonyesho kuhusu yeye na wenzake.

Najua kuna mtu atasema: lakini Tiffany ndiye aliyelipa, ndiye aliyetoa kioo, ndiye aliyewapa nafasi wakati wengine waliwafungia mlango. Ni kweli, na siwezi kumnyima hiyo. Lakini kulipa mtu mshahara hakumaanishi umenunua na ubongo wake. Nilipoacha chuo, niliediti video za akaunti moja kubwa kwa miezi minane. Doo nilipata. Jina langu halikuonekana hata mara moja, na nilipoenda kutafuta kazi kwingine sikuwa na kitu cha kuonyesha. Kukosa jina kunaumiza hapo: unakosa kazi inayofuata.

Clara hakuandika zile barua ili historia imkumbuke. Alikuwa tu anaambia watu wake siku ilivyoenda, na hizo stori za kawaida ndizo zilizomtetea. Kwa hivyo wewe unayechora logo za watu, unayeandika skripti, unayepiga bits usiku: weka michoro ya kwanza, weka faili zenye tarehe, usifute zile voice note. Na kabla kazi ianze, uliza jina lako litakaa wapi. Clara alingoja zaidi ya miaka 60 baada ya kifo chake. Wewe uliza leo.